Somo la Robo Hii: Mvua Ikishuka, Nani Abaki na Watu?



Kwetu Kigoma mvua huanza Oktoba au Novemba na kuendelea hadi Aprili, pengine Mei. Wakati huo uchafu wa makorongo husombwa hadi ziwani, ambako wengi huchota maji. Hatujasahau Mei 2015, wakati kipindupindu kilipoua wakimbizi wa Burundi na wenyeji kule Kagunga. Kwa hiyo tamasha la sanaa kuhusu maji safi haliwezi kungoja kiangazi.

Sanaa shirikishi ni nini?

Si kwaya kuimba na watu kupiga makofi. Wananchi hutaja tatizo lao na kuliigiza. Kisha mchezo husimamishwa na watazamaji huulizwa: "Wewe ungefanya nini?" Mwenye jibu huingia uwanjani na kuliigiza. Mwaka 1982 na 1983 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakiwemo Penina Mlama na Amandina Lihamba, walifanya sanaa ya namna hii na wananchi wa Malya, mkoani Mwanza. Ngoma na mchezo ni mwaliko tu. Mjadala ndio kazi yenyewe.

Tulichojifunza

Mwaka mmoja hapa Ujiji tulikosea. Mchezo ulifika kwa mama anayechota maji pale korongo linapoingia ziwani, mvua ikashuka. Wote tuliojitolea tulikimbilia vipaza sauti na ngoma. Mimi mwenyewe nilibeba ngoma. Vyombo vilipona, watu wakatawanyika. Waliondoka wameona tatizo bila kupata nafasi ya kusema neno.

Tamasha lililofuata mvua ilinyesha tena. Safari hii kila aliyejitolea alikuwa na baraza la nyumba ya jirani, tulilokuwa tumeliombea ruhusa mapema. Aliongoza kikundi chake hadi hapo na kuendelea na swali lile lile. Barazani, akina mama waliokuwa kimya uwanjani walizungumza. Mmoja alisema: "Mnatuambia tuchemshe maji. Kuni zenyewe zimelowa, na zilizo kavu bei imepanda." Hilo halikuwemo katika mchezo wetu. Mvua ilipokatika, waigizaji walianzia kwenye kuni.

Mambo ya kuandaa

1. Wawili washughulikie vyombo, wengine wote wabaki na watu. Ngoma ikilowa hulegea, lakini hukazwa tena kwa moto. Mtu akienda zake, siku hiyo harudi.

2. Mabaraza yaombwe wiki moja kabla, na kila anayejitolea ajue lake.

3. Radi ikinguruma, simamisheni kila kitu. Watu watoke majini na kwenye mitumbwi, waingie ndani ya jengo imara. Baraza halitoshi. Miembe ya Ujiji ni kivuli kizuri cha jua, lakini si kinga ya radi.

4. Bajeti iwe na maturubai, nauli na chai ya moto. Anayejitolea hadai mshahara, lakini asirudi nyumbani amelowa na njaa.

Maswali ya kujadili

Katika mikutano yetu, nani hukaa kimya uwanjani? Tukilazimika kukatisha shughuli, huwa tunaokoa nini kwanza? Je, tulichosikia kwa watu kimewahi kubadili mpango wetu?

Tunaomba kila kamati ijadili somo hili kabla ya kupanga tamasha lijalo.