KUTAFUTA FISHIYE KWA MKIA WA JINA LAKE



Wiki iliyopita mwenzetu mmoja wa mwaka wa sita alilia mbele ya ordinatere. Kazi yake ya kumaliza masomo haikuonekana, na umeme ulikuwa karibu kukatika. Alifungua dosiye moja, akafunga, akafungua ingine, mpaka giza ikaingia. Usiku kucha aliandika upya kwa mkono. Kumbe kazi ilikuwa mule mule, ndani ya dosiye ya picha! Ndiyo sababu tunawaletea somo hili.

Jina la fishiye liko na mkia, nyuma ya nukta ya mwisho. Maandishi ya Word yako na docx, picha nyingi ziko na jpg. Hata ukisahau jina, mkia unaujua.

Katika ordinatere za Windows muko programu PowerShell, ambayo Microsoft ilitoa mwaka 2006. Ifungueni, muandike mstari huu:

Get-ChildItem D:\ -Filter *.docx -Recurse -Name

Tueleze sasa. Get-ChildItem ni kusema: niletee vilivyo ndani. D:\ ni pa kuanzia. Kama flashi yenu inaitwa E, andikeni E:\. Nyota inashika jina lolote, docx ni mkia. Recurse inaingia dosiye zote, mpaka ile ya chini kabisa. Name inaonyesha jina pamoja na njia ya kulifikia. Maandishi mekundu yakitokea, musiogope: mara nyingi ni dosiye iliyofungwa, na kutafuta kunaendelea. Mstari huu haufuti kitu.

Kwa nini Filter? Kwa sababu inachagua palepale pa kusoma. Ni kama kumtuma mdogo wako bandarini hapa Kalundu: «Leta ndagala tu.» Akibeba samaki wote ndipo uchague nyumbani, mutachelewa. Lakini Filter inapokea mkia mmoja tu. Kwa mikia miwili, wekeni -Include *.docx,*.pdf pahali pake; itakawia kidogo.

Yule mama wa Luka 15 aliyepoteza feza moja alifagia nyumba yote, hakuchoka. Nasi tusikate tamaa mbio, wala tusipoteze saa ya umeme bure. Jaribuni leo, kisha mufundishe wadogo wa mwaka wa kwanza.