LEZA NA PRESHA YA MACHO: TUJUE KABLA YA KULIPA

Mwezi huu tunazungumzia neno linalosikika sana siku hizi, yaani leza. Familia nyingi hufika kliniki ya macho zikisema, "Sista, tunaomba mzee apigwe leza aone tena." Baadhi wameshauza mbuzi au mahindi ya akiba. Ni vizuri tuelewe kwanza chombo hiki kinafanya nini, na hakifanyi nini.

Presha ya macho ni nini?

Ndani ya jicho kuna maji yanayotengenezwa na kutoka kila wakati. Maji haya si machozi. Hutokea kwenye kichujio kidogo kilicho pembeni mwa sehemu ya jicho yenye rangi. Kichujio kisipopitisha maji vizuri, presha ndani ya jicho hupanda. Presha ya kawaida ni kati ya 10 na 21. Ikizidi kwa muda mrefu, huua polepole mshipa wa fahamu unaopeleka picha kwenye ubongo. Wapo wanaougua hata kama presha yao ni ya kawaida, ndiyo maana daktari huuchunguza na mshipa wenyewe.

Ugonjwa huu kwa kawaida hauumi. Huanza kula uoni wa pembeni, na mgonjwa bado anaona vizuri mbele yake. Familia hushangaa mzee akianza kugonga milango na kujikwaa kwenye vigoda. Hapo ugonjwa umeshakwenda mbali.

Tusiuchanganye na mtoto wa jicho. Mtoto wa jicho huondolewa kwa operesheni na mgonjwa akaona tena. Kwa presha ya macho, uoni uliopotea haurudi. Kazi ya matibabu ni kulinda ule uliobaki.

Leza si moja

Leza ni mwanga wenye nguvu unaolengwa mahali padogo sana. Mashine ziko za aina nyingi, na kila moja ina kazi yake:

1. Ya kuchoma sehemu zilizoharibika nyuma ya jicho, hasa kwa wenye kisukari.
2. Ya kufungua utando unaojitokeza baada ya operesheni ya mtoto wa jicho.
3. Ya kurekebisha kioo cha mbele ili mtu asihitaji miwani. Hii haitibu presha ya macho.
4. Ya kuamsha kile kichujio cha maji ili presha ishuke.

Tena zipo mashine za kupiga picha tabaka za nyuma ya jicho kwa mwanga. Hizo hupima tu, hazitibu. Mgonjwa anaweza kusema "nilishapigwa leza," kumbe alipigwa picha.

Leza ya presha inavyofanya kazi

Leza hii ya nne ilibuniwa na daktari wa Marekani, Mark Latina, miaka ya 1990, na ikaruhusiwa nchini humo mwaka 2001. Mgonjwa hutiwa dawa ya ganzi, hukaa mbele ya mashine, na kazi huisha kwa dakika chache. Hakuna kisu wala kulazwa. Jicho linaweza kuwa jekundu na kuuma kidogo. Presha inaweza kupanda kwa saa chache, kwa hiyo usiondoke kabla ya kupimwa tena. Nguvu yake hupungua baada ya miezi au miaka, na mara nyingi inaweza kurudiwa.

Je, inawafaa watu wetu? Madaktari wa KCMC, Moshi, pamoja na wenzao walifanya utafiti uliotangazwa mwaka 2021. Wagonjwa 201 waligawanywa makundi mawili: wengine walipewa matone ya timolo, wengine leza. Baada ya mwaka mmoja, matibabu yalifaulu kwa macho 61 katika kila 100 yaliyopata leza, na 31 katika kila 100 yaliyotumia matone. Uingereza nako, baada ya utafiti wa mwaka 2019, tangu mwaka 2022 leza hii inapendekezwa kuwa tiba ya kwanza kwa wagonjwa wengi.

Tuzingatie kwamba leza ilishindwa kwa macho 39 katika kila 100. Hao huhitaji matone au operesheni. Hivyo aliyepigwa leza bado ni mgonjwa wa kliniki.

Mbona haipatikani kila mahali?

Mashine ni ghali, huagizwa nje, na huhitaji daktari wa macho aliyefundishwa, umeme wa uhakika, fundi na vipuri. Mashine ya msaada isiyo na fundi hugeuka pambo la chumba. Lakini mashine moja huhudumia wagonjwa wengi kwa miaka. Matone hununuliwa kila mwezi maisha yote, na mfuko ukikauka mgonjwa huacha. Tukipima gharama, tupige hesabu ya miaka, si ya siku moja.

Maswali ya kuuliza kabla ya kulipa

1. Ugonjwa wa mzee wetu unaitwaje?
2. Mashine hii inapima au inatibu?
3. Je, italinda uoni au itaurudisha?
4. Ni jicho moja au yote mawili, na gharama yote ni kiasi gani?
5. Turudi lini kupimwa, na tuendelee na matone?

Anayekuahidi kurudisha uoni ulioliwa na presha ya macho anakuuzia maneno. Usiuze mbuzi kwa ajili yake.

Ushauri wetu

Kila aliyefikisha miaka 40 apimwe macho, hata kama anaona vizuri. Mzazi au ndugu wa tumbo moja akiwa na ugonjwa huu, ninyi wengine msingoje. Anayetumia matone asiyaache bila kumwuliza daktari. Mwenye pumu aseme mapema, kwa maana timolo inaweza kumbana kifua.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa presha ya macho, hata huo ukuta haujengeki. Mpelekeni mzee akapimwe wakati bado anawaona.