Niliyojifunza kwa Punda wa Lamu

1. Punda haonyeshi maumivu. Mbuzi akibanwa mguu mtaa mzima utasikia, lakini punda hunyamaza na kuendelea kutembea. Ami yangu, ambaye punda wake walibeba mawe na mchanga wa ujenzi, kila jioni aliwavua shogi, kisha akawapitishia kiganja mgongoni taratibu akitafuta uvimbe au mahali penye joto. Akipapata, kesho yake punda huyo hapakiwi chochote. Ilikuwa hasara, na nyumbani tuliihisi kwenye chungu.

2. Huruma nayo huonewa wivu. Shirika la The Donkey Sanctuary lilifungua kituo Lamu mwaka 1987, na punda hutibiwa bure. Nimewasikia watu wakinung'unika: punda ana daktari, sisi tunapanga foleni! Malalamiko ya foleni ni ya haki, ila hakuipanga punda.

3. Binadamu ana kalamu, na hilo ndilo linalonitisha. Mwaka 2012 Kenya ilimwingiza punda kwenye orodha ya wanyama wa kuchinjwa. Ngozi yake ilitakiwa China, ambako huchemshwa kutengeneza dawa iitwayo ejiao. Machinjio yakafunguliwa, na wezi wakaanza kuvamia mazizi. Februari 2020 serikali ikapiga marufuku uchinjaji huo. Mwaka uliofuata Mahakama Kuu ikaiondoa marufuku hiyo. Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika wakakubaliana kukomesha uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi barani kote. Muda wote huo punda ni yuleyule, anakula majani yaleyale. Kwetu nyama yake ni haramu, kwa hiyo tulidhani yuko salama. Kumbe mnunuzi wa ngozi hana haja na nyama.

4. Kumtumikisha si lazima kuwe kumdhulumu. Wageni hutuuliza kwa nini hatuwaachi wapumzike tu. Vichochoro vyetu havipitishi gari, na mawe hayajibebi. Swali lenye maana ni la kiasi. Siku moja fundi alitaka punda mmoja apakiwe mifuko miwili ya saruji, kilo 50 kila mmoja. Ami akasema mmoja. Fundi akaongeza pesa. Ami akasema, "Pesa utanipa mimi, mzigo utampa yeye." Fundi akaenda kukodi punda wa jirani, naye akapakiwa miwili.