Gemu ya bure nayo ina mwenyewe

Swali la wiki hii ni la kijana mwenye banda la gemu Murongo, wilayani Kyerwa, hatua chache kutoka darajani. Ana televisheni mbili, PlayStation 2 moja iliyowekwa chipu, na kompyuta anayotumia kuwawekea watu nyimbo, muvi na gemu kwenye memori kadi. Gemu nyingine kazipakua mwenyewe, nyingine zimevuka na flashi kutoka Kikagati, ng'ambo ya Mto Kagera. Anauliza: "Sijaiba dukani kwa mtu. Kosa langu nini?"

Kosa lipo, tena si moja.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda programu za kompyuta kama inavyolinda kitabu. Kunakili gemu, kuikodisha na kuisambaza ni haki ya mwenye kazi, au aliyepewa ruhusa naye. Tanzania imo katika Mkataba wa Berne tangu 1994, kwa hiyo gemu ya Japani inalindwa hapa sawa na ya Dar es Salaam. Uganda nao wana sheria yao ya 2006. Mtu wa Kyerwa hahitaji mhadhara kuhusu hili: kahawa ya magendo ikishavuka mto haigeuki kuwa halali, na flashi inayokuja upande huu ni hivyo hivyo.

Kinachowashtua vijana kiko kwenye Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, ambayo wengi wanadhani ni ya matusi na uzushi tu. Kifungu cha 24 kinamgusa yeyote anayetumia kompyuta, na simu yako imo humo, kukiuka haki za ubunifu za mwingine. Ukifanya kibiashara, faini haipungui shilingi milioni 20, au kifungo kisichopungua miaka 5, au vyote viwili. Usipofanya kibiashara, faini haipungui milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote. Rudia kusoma hilo "haipungui". Kusema "nilipakua ya kuchezea mwenyewe" kunakushusha ngazi moja, hakukutoi. Mimi naiona adhabu hiyo nzito mno kwa mtu aliyetaka tu kucheza mpira kwenye simu, lakini hakimu atasoma kilichoandikwa, si ninachoona mimi. Aliye chini ya miaka 18 hafungwi jela, Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza. Kushtakiwa anaweza.

Ipo pia hasara isiyongoja polisi. Gemu iliyovunjwa ufunguo mara nyingi hukutaka kwanza uzime ulinzi wa simu, kisha inaomba ruhusa ya kusoma meseji. Gemu ya mpira ina shughuli gani na meseji zako? Humo ndimo zinamoingia namba za uthibitisho za benki. Hela ikiyeyuka, huna risiti wala muuzaji wa kumdai.

Sasa, siku polisi wakija bandani. Usibishane kwamba lazima kibali kitoke kwa hakimu. Kwa makosa ya mtandao, mkuu wa kituo cha polisi anaweza kutoa amri ya kupekua na kuchukua vifaa. Omba kuiona amri hiyo. Mwite mwenyekiti wa kitongoji au jirani ashuhudie. Anayechukua mali yako anatakiwa akupe hati ya kukamata mali, yenye saini yako na ya mashahidi. Isome kabla hujasaini: iandikwe "PlayStation 2 moja, pedi mbili, flashi tatu", isiandikwe "vifaa vya elektroniki", maana hilo neno lina nafasi ya kupoteza pedi zote. Faini inatozwa na mahakama na inalipwa kwa kontroo namba, haitozwi mlangoni pa banda. Anayekwambia mmalizane hapo hapo anaomba rushwa, na ukitoa nawe umekosa. Huna hela ya wakili? Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria, na huduma yao ni bure.

Kwa muulizaji: acha kuuza nakala leo. Zifute, ila kama uchunguzi umeshaanza usiguse kitu, kufuta ushahidi ni kosa jingine. Usikimbilie pia kununua diski halisi ukadhani yameisha. Diski huuzwa kwa matumizi ya nyumbani, na kutoza watu wacheze kunahitaji ruhusa yake. Waulize COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kabla hujatoa hela. Wateja wako wanaopenda PES, ile gemu ya mpira, waelekeze kwenye eFootball, ambayo Konami, watengenezaji wenyewe, wanaitoa bure tangu 2021, kila mtu kwenye simu yake.

Najua utakachouliza: basi hizo televisheni mbili uoneshee ligi. Hilo nalo lina leseni yake, na nafasi ya wiki hii imekwisha.