Mtoto Mnene na Daktari wa Jamaa: Maswali na Majibu

Maswali haya niliulizwa na wazazi na walezi walionijia zahanatini mjini Mombasa, mmoja mmoja, kwa muda wa miaka kadhaa, nami nimeyakusanya pamoja na majibu niliyowapa kwa kuwa muulizaji aghalabu hudhani yu peke yake, ilhali jirani yake wa mlango wa pili analo swali lile lile moyoni. Yote yahusu watoto wa miaka 2 hadi 5, ambao bado wako chekechea au nyumbani, na ambao uzito wao umepita kadiri ya kimo chao.

Swali: Mwanangu ana miaka minne, na kila amwonaye humsifu kwa siha yake. Nitajuaje kuwa unene huu umepita kiasi?

Jibu: Kwa jicho hutajua, wala mimi kwa jicho sijui, na kwa sababu hiyo humvua mtoto viatu kwanza nikampima. Mizani haitoshi. Katika zahanati nyingi mtoto hupandishwa mizani kila ajapo, namba ikaandikwa kadini, ilhali ubao wa kupimia kimo umeegemezwa nyuma ya mlango umejaa vumbi. Na uzito usiolinganishwa na kimo ni habari iliyokatwa katikati. Vipimo tuvitumiavyo vilitolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2006, baada ya kufuatiliwa makuzi ya watoto wapatao 8,500 wa Brazil, Ghana, India, Norwei, Omani na Marekani, waliolelewa katika hali njema. Basi asikwambie mtu kuwa ni vipimo vya Wazungu. Mtoto wa chini ya miaka 5 ambaye uzito wake kwa kimo chake umevuka mstari wa pili juu ya wastani katika chati ya vipimo hivyo, huyo uzito wake umezidi. Akivuka na wa tatu, huo ni unene wa kupindukia.

Tena kuna jambo moja liwadanganyalo wazazi wengi. Mtoto akishapita mwaka wa kwanza, mwili wake kwa maumbile hupungua unono kadiri arefukavyo, hata afikapo miaka 5 au 6 huwa ndipo alipo mwembamba kuliko wakati wowote, kisha huanza kujaza tena. Mama huona mbavu zinahesabika, akaingiwa na hofu, akaongeza uji na siagi, kumbe mtoto yu sahihi kabisa. Na yule mwenye mashavu na mikunjo ya mapaja akiwa na miaka minne, ambaye mtaa mzima wamtolea mfano, ndiye anayetaka kuangaliwa, kwa kuwa aanzaye kujaza mapema kuliko wenziwe aghalabu hukua akabaki mnene.

Swali: Basi nimpunguzie chakula akonde?

Jibu: Hasha. Mtoto wa umri huu anajenga mifupa na ubongo, na kumfunga tumbo ni kumdhulumu. Tutakacho, kwa watoto walio wengi, ni uzito usimame huku kimo kikiendelea. Chukua mathalani msichana wa miaka minne mwenye kilo 20 na kimo cha sentimita 102: uzito wake umezidi. Katika mwaka mmoja atarefuka sentimita 6 au 7, na lau atabaki na kilo zake 20 zile zile, siku atimizapo miaka mitano atakuwa amerudi chini ya mstari ule wa pili bila ya kupoteza hata kilo moja. Subira ndiyo dawa yenyewe, na kila nimwelezapo mzazi hesabu hii humwona akipumua.

Swali: Twakaa na mama mkwe wangu, naye ndiye ashindaye na mtoto niwapo kazini. Nikisema sukari ipunguzwe, huona namnyima mjukuu wake. Nifanyeje?

Jibu: Swali hili ndilo zito kuliko yote. Kwanza usimdhanie mama mkwe wako kuwa hajui. Yeye ni wa kizazi kilichoona watoto wakivimba miguu na nywele zikigeuka rangi ya kutu kwa unyafuzi, na wengine wakizikwa baada ya surua kupita mtaani. Kwake yeye nyama mwilini mwa mtoto ni akiba ya siku ya maradhi, na kumpakulia ni kumkinga. Wala hofu yake haijapitwa na wakati: uchunguzi wa taifa uliofanywa Kenya mwaka 2022 ulionyesha kuwa katika kila watoto 100 wa chini ya miaka 5, 18 wamedumaa, na waliozidi uzito ni 3. Lakini hao watatu wapo, nasi tukaao mjini twawaona kila wiki.

Bibi mmoja aliletwa kwangu na mke wa mwanawe, wakiwa hawasemezani. Sikumwonya. Niliagiza chupa ya chai, bilauri na kopo la sukari, nikamwambia, "Bibi, tafadhali nitilie kama umtiliavyo mjukuu wako." Akatia vijiko vitatu, akakoroga, akaonja kwa ncha ya kijiko, akaongeza nusu. Tukahesabu pamoja: asubuhi, alasiri, na baada ya magharibi, vijiko kumi na nusu, kabla hatujataja mahamri wala biskuti za dukani. Mtoto wa umri ule haifai apite gramu 25 za sukari ya kuongezwa kwa siku, nazo ni vijiko sita vya chai visivyo na kilele. Na chupa ndogo ya soda ya mililita 300 peke yake ina kadiri ya gramu 30. Bibi alinyamaza kitambo, kisha akauliza, "Sasa akilia nimpe nini?"

Swali lake lilinifundisha zaidi ya vitabu, maana hapo nilitambua kuwa ile bilauri ilikuwa kitulizo cha mtoto aliyefungiwa ndani mchana kutwa, katika nyumba ya ghorofa ya tatu isiyo na ua. Tukapatana kupunguza nusu kijiko kila wiki, ulimi usije ukashtuka, na bilauri ya usiku iwe maji. Kuhusu kulia, yeye mwenyewe ndiye aliyechagua: kila alasiri atashuka na mjukuu wake hadi sokoni kwa miguu, mtoto abebe kikapu. Alikabidhiwa kazi hiyo mbele ya mke wa mwanawe, nao wakaondoka wakizungumza.

Swali: Hataki mboga hata kidogo. Nimlazimishe?

Jibu: Usimlazimishe, wala usimwahidi kaimati iwapo atamaliza mchicha, kwani hapo utakuwa umemfundisha kuwa mchicha ni adhabu na kaimati ni tuzo. Ellyn Satter, bingwa wa lishe wa Marekani, aliweka kanuni niipendayo: mzazi ndiye aamuaye nini kiliwe, saa ngapi na wapi, mtoto ndiye aamuaye kama atakula na kiasi gani. Weka mchicha wa nazi mkekani, nyote mle, usiseme neno. Huenda akaukataa mara kumi, na ya kumi na moja akatia kidole. Kadhalika kukataza vitu vitamu kabisa hakufai: kitu kilichofichwa kabatini mbele ya macho ya mtoto humkaa akilini kuliko kilichoko mezani. Ni afadhali kisinunuliwe.

Swali: Na simu je? Akiishika hutulia, nami nikapata kupika.

Jibu: Nakuelewa, maana jiko halingoji. Lakini mtoto wa miaka 3 au 4, kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2019, yampasa atembee na kucheza dakika 180 kwa siku, 60 kati yake awe anahema kwa kukimbia. Picha za kioo zisizidi saa moja. Na alale saa 10 hadi 13, pamoja na usingizi wa mchana. Asiyelala vya kutosha huamka na njaa isiyo ya kawaida. Na michezo ya kibe na ukuti ukuti haihitaji kununuliwa.

Swali: Kwa nini nisiende moja kwa moja kwa bingwa wa hospitali kuu?

Jibu: Bingwa atamwona mtoto kwa robo saa, daktari wa jamaa aijua nyumba. Ajua kuwa babu ana kisukari, kuwa mama hurudi kazini saa moja usiku, kuwa shangazi huja na soda kila Ijumaa. Kenya elimu hii ya udaktari wa jamaa ilianza kufundishwa Chuo Kikuu cha Moi mwaka 2005, na mahali asipopatikana daktari wa namna hiyo, tabibu wa zahanati aliyekuzoea yatosha kuanza naye.

Hata hivyo, ziko dalili ambazo nikiziona humpeleka mtoto hospitali bila kukawia: akiwa mnene na mfupi kuliko rika lake, kwani mtoto aliyenenepa kwa chakula huwa mrefu, na ufupi waweza kuwa ishara ya maradhi ya tezi, akikoroma usiku hata pumzi ikakatika, shingo ikiwa nyeusi na nene kama mahameli, miguu ikipinda, au akiwa ametumia dawa za steroidi kwa muda mrefu.

Swali: Hakuna dawa ya kumkondesha?

Jibu: Kwa mtoto wa umri huu aliyenenepa kwa chakula hakuna, na auzaye chupa kwa ahadi hiyo usimwamini.

Swali: Nimwambieje mtoto mwenyewe?

Jibu: Usimwambie lolote juu ya unene. Nimemwona binti wa miaka mitano akivuta gauni lifunike tumbo kwa kuwa nyumbani wamemwita "Bonge", kwa mapenzi kama walivyosema, naye alilishika jina lile kwa namna nyingine kabisa. Jina hilo na life leo. Mazungumzo ya kilo tuyafanye sisi wakubwa, yeye akiwa nje akicheza. Na badiliko lolote la chakula liwe la nyumba nzima, baba na kaka wembamba wakiwemo.

Swali: Nirudi naye lini?

Jibu: Baada ya mwezi mmoja, kisha kila miezi mitatu, kwa mwaka mzima. Uje na kadi yake, na ukiweza, uje na yule anayemtilia chai.