Visukuku kama Ushahidi wa Mageuko: Mfano wa Anomalocaris

Swali la visukuku huja kwa sura mbili. Unaweza kuulizwa maana ya kisukuku, au ukapewa mfano na kutakiwa ueleze unathibitisha nini. Sura ya pili inahitaji hoja, si kukariri tu.

Maana. Kisukuku ni mabaki au alama ya kiumbe cha kale iliyohifadhiwa katika mwamba. Sehemu ngumu hudumu kuliko nyama laini, ambayo huoza mapema.

Maelezo ya mnyama. Anomalocaris aliishi baharini katika kipindi cha Kambria, zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita. Mwili wa spishi ya Canada unakadiriwa kuwa chini ya sentimita 40, lakini wanyama wengi wa wakati wake walikuwa wadogo zaidi. Alikuwa na:

(i) viungo viwili vya mbele vyenye pingili na miiba, vya kukamatia mawindo;
(ii) mapezi laini ya pembeni, ya kuogelea;
(iii) macho makubwa juu ya vikonyo;
(iv) mdomo wa mviringo uliozungukwa na mabamba magumu, upande wa chini wa kichwa.

Jinsi alivyotambuliwa. Mwaka 1892 Joseph Whiteaves alieleza kisukuku kutoka Mlima Stephen, Canada, akidhani ni kiwiliwili cha kamba. Kumbe kilikuwa kiungo cha mbele tu. Baadaye Charles Walcott alieleza mdomo wa mnyama wa kundi hilohilo kama yavuyavu, na mwili kama jongoo bahari. Mwaka 1985 Harry Whittington na Derek Briggs walionesha kuwa vipande vya aina hizo ni viungo vya mnyama mmoja. Ilikuwa imepita miaka 93.

Kwa nini ilichukua muda huo? Viungo vigumu vilitengana na mwili baada ya kifo, na mwili mzima ulihifadhiwa mara chache. Katika miamba ya Burgess, Canada, wanyama walifukiwa haraka na tope laini, ndiyo maana hata sehemu laini zimeonekana.

Zingatia. Tenganisha kinachoonekana na kinachohitimishwa. Miiba inaonekana mwambani. Kwamba mnyama alikuwa mwindaji ni hitimisho. Hitimisho hubadilika ushahidi ukiongezeka: zamani alidhaniwa kuvunja magamba ya trilobaiti, lakini utafiti wa mwaka 2023 ulionesha kuwa viungo vyake vyembamba vilifaa zaidi kukamatia mawindo laini.

Swali la mfano. Kwa kutumia Anomalocaris, eleza mambo mawili ambayo visukuku huthibitisha na upungufu mmoja wa ushahidi huo. (Alama 6)

Jibu.
1. Viumbe wa kale walitofautiana na wa leo. Hakuna mnyama aliye hai mwenye umbo kama lake. Spishi yake imetoweka.
2. Makundi ya viumbe yana uhusiano. Viungo vyake vyenye pingili vinamhusisha na arithropodi kama kaa, buibui na wadudu.
3. Upungufu: rekodi ya visukuku haijakamilika. Vipande vilivyotengana vilidhaniwa kuwa wanyama tofauti.

Kosa la kuepuka. Usiandike kwamba Anomalocaris ni babu wa kamba. Yeye ni wa tawi la pembeni katika ukoo wa arithropodi. Andika "ana uhusiano na", si "amezaa".

Jipime. Ukipewa jino moja tu la mnyama asiyejulikana, taja jambo moja unaloweza kuhitimisha na moja usiloweza. Toa sababu.