Jodari wa fungate

*Shikamoo shangazi. Nimeolewa mwezi uliopita, na Januari mimi na mume wangu tunakwenda Nungwi, Unguja, siku tano. Nimezaliwa Kirumba, Mwanza. Samaki kwangu ni sato, sangara na dagaa. Bahari nimeiona mara moja tu, pale Feri Dar es Salaam, nikiwa napita. Nataka nile samaki wa bahari kuu wa kule kule, siyo aliyelala kwenye friza mwezi mzima. Ila nina dukuduku. Nimekulia nyumba ambayo minofu ya sangara ilipanda ndege, sisi tukapikiwa mapanki. Sitaki kwenda kwenye maji ya wenzangu halafu niwe mimi mla minofu. Wala sitaki kula samaki ambaye wanangu hawatamkuta. Mume wangu ananicheka. Anasema tumelipia mapumziko, hatukulipia semina, na nikianza kumhoji mhudumu mbele ya watu nitamtia aibu. Nifanyeje? Bibi Harusi wa Kirumba.*

Marahaba mwanangu, na hongera. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili kwa ajili ya hilo neno mapanki. Wenzangu wa pwani wengi hawalijui, basi niwaeleze: ni kichwa na mifupa ya sangara, kinachobaki kiwanda kikishachukua minofu ya kupeleka Ulaya. Sangara mwenyewe alipandikizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950, akawala furu wa kila aina mpaka wengine wakapotea kabisa, kisha akawa mali. Aliyekua akiyaona hayo ana haki ya kuuliza maswali mezani.

Lakini mume wako naye hajakosea sana. Mhudumu wa hoteli hajui samaki katoka wapi. Anachojua ni jina lililoandikwa kwenye menyu, na ukimbana atakupa jibu la kukuridhisha, "wa leo leo huyo, dada," nanyi mtabaki mkitazamana. Wa kuulizwa ni mpishi. Mpishi ndiye aliyempasua, na mpishi wa Unguja akiona mgeni anayetaka kujua samaki wake atakueleza mpaka chai ipoe. Nenda jikoni saa ya mchana ambapo hakuna msongamano, salimia vizuri, uliza mambo mawili tu: huyu ni wa mshipi au wa nyavu, na kateremshwa diko gani, yaani ufukwe upi wa kushushia samaki. Mume wako akiwa kwenye maji anaogelea, aibu itamfikia wapi?

Sasa hilo la "bahari kuu." Watu hulitumia neno hili kwa samaki wa namna mbili ambao hawana undugu wowote, na kosa la wengi linaanzia hapo. Wako wanaoishi chini kabisa kwenye giza, na wako wanaosafiri juu juu katika maji ya mbali, nje ya miamba. Wa chini huko ni wazee wa bahari: hukua polepole na kuzaa kwa nadra. Umewahi kumsikia silikanti? Dunia ilidhani alikwisha pamoja na madinosaria, mpaka mwaka 1938 alipovuliwa Afrika Kusini. Kwetu Tanzania alionekana 2003, na baadaye wavuvi wa Tanga wakawa wanamkuta kwenye nyavu za majarife walizozitega kwenye kina kirefu. Utafiti uliotolewa 2021 ulionyesha kwamba anaweza kuishi karibu miaka 100, na mimba yake huchukua kama miaka mitano. Fikiria, miaka mitano! Samaki wa mwendo huo ukimtoa mmoja umetoa ukoo mzima. Yeye hutamkuta kwenye menyu, na nyama yake wala si ya kutamani, lakini hesabu ni hiyo hiyo kwa wengi wa kilindini. Akikuletea mtu samaki na kujisifu kwamba huyu kapatikana kwa nadra, chini kabisa, basi hiyo ndiyo sababu ya kumwacha.

Wasafiri ni watu wengine kabisa. Kuna jodari, huyo mnene katikati na mwembamba mkiani, mwenye vipezi vya manjano vilivyojipanga kama meno ya msumeno kuelekea mkia. Nyama yake ni nyekundu kama ya ng'ombe, kwa sababu haachi kuogelea usiku na mchana. Akisimama hapati pumzi. Kuna sehewa, mdogo wake, mwenye michirizi tumboni. Kuna nguru, mrefu, wa fedha, meno makali, nyama nyeupe, ambaye hoteli zote zinampenda kwa kuwa mgeni asiyependa harufu ya samaki humla bila kulalamika. Na kuna fulusi, mwenye paji la uso kama ukuta, anayeng'aa kijani na dhahabu akitoka majini, rangi ikafifia mbele ya macho yako akifa. Fulusi hukua haraka kupita kiasi: hajafikisha mwaka anazaa, na miaka mitano ni uzee kwake. Sehewa naye hachelewi. Hao wawili, mwanangu, ndio chaguo langu la kwanza kwako. Sehewa hana heshima hotelini kwa sababu nyama yake ni nyeusi kidogo na harufu yake haijifichi. Wewe uliyezoea dagaa hutababaika.

Jodari ana kisa chake. Mwaka 2015 Tume ya Jodari ya Bahari ya Hindi, yenye makao yake Shelisheli, ilisema jodari wa mapezi ya manjano anavuliwa kupita kiasi, na mwaka uliofuata nchi zikaanza kuwekewa viwango. Tathmini ya 2024 ikaleta nafuu: hali yake imekuwa bora. Mzigo mkubwa haukutoka kwenye ngalawa za Nungwi. Kuna meli zinazozungusha wavu mmoja wa kuziba kundi zima, na kuna vyelezo vinavyoachwa vielee baharini ili samaki wakusanyike chini yake. Chini ya vyelezo hivyo sehewa wakubwa huchanganyika na watoto wa jodari, na wavu hauchagui. Mwaka 2009 meli moja ya kigeni, Tawariq 1, ilikamatwa kwenye maji yetu ikidaiwa kuvua bila leseni, na karibu tani 300 za samaki waliokuwamo, jodari wengi wao, ziligawiwa kwa taasisi za umma. Watu waliwaita samaki wa Magufuli, maana ndiye aliyekuwa waziri wa uvuvi. Ukiwa na kaka aliyekuwa shule ya bweni mwaka huo, muulize. Huenda alishakula jodari kabla yako wala asijue jina lake.

Basi jodari wa mshipi, aliyevutwa na mkono wa mtu mmoja mmoja, kula bila wasiwasi. Mshipi hauvunji mwamba, na mvuvi hapati zaidi ya anachoweza kukivuta. Jodari wa kopo kwenye saladi ya hoteli ni habari nyingine, sitaki hata kuianza.

Januari mmechagua vizuri. Ni kaskazi, upepo unatoka upande wa kaskazini, bahari inatulia, na vyombo vidogo huweza kwenda mbali. Watu wa Nungwi ni wavuvi na mafundi wa majahazi tangu zamani, na wakati mwingine huhama wiki kadhaa kwenda dago, yaani kupiga kambi kwenye pwani nyingine na kufuata samaki. Mkondo wa Pemba hauko mbali nao, na kina chake ni mamia ya mita, ndiyo maana samaki wa maji makuu hupita karibu na nchi kavu kuliko sehemu nyingi. Kwenye kusi, katikati ya mwaka, bahari ikichafuka vyombo vidogo vingi hubaki ndani ya mwamba, na mgeni anayeng'ang'ania samaki mkubwa kila siku anawasukuma watu kwenye hatari au kwenye friza.

Ndani ya mwamba ndiko ninakokuomba upunguze. Chewa usimguse. Huanza maisha akiwa jike na wengine hugeuka madume wakishakuwa wakubwa, kwa hiyo ukiwamaliza wakubwa umemaliza madume. Pono naye mwache, ingawa atakuvutia kwa rangi zake za kijani na buluu. Kazi yake ni kukwangua mwani kwenye matumbawe kwa mdomo wake kama wa kasuku. Hutafuna na mawe, akayatoa nyuma yakiwa mchanga. Huo mchanga mweupe utakaopiga nao picha za fungate, sehemu yake imepita tumboni mwa pono. Mwambie mume wako, nadhani kicheko kitambadilikia.

Asubuhi moja nendeni diko wenyewe. Msiende na nguo za kuogelea, kijiji ni cha Waislamu na pale kuna wazee. Jifunge kanga, jitande mtandio, toa salamu kwanza. Vyombo vikiingia samaki humwagwa mchangani na dalali huanza kunadi kwa kasi ambayo hutaifuata. Simama pembeni utazame. Shika samaki kabla ya kununua: jicho liwe limejaa na linang'aa, mashavu ukiyafunua yawe mekundu, nyama ukiibonyeza irudi. Samaki wa baruti, aliyelipuliwa majini, ana dalili zake pia. Nje anaweza kuonekana mzima lakini nyama imelegea, ukimpasua damu imevilia kando ya uti wa mgongo na mfupa umevunjika. Huyo mwache hata kama ni wa bure.

Na jodari asiyepewa barafu usimguse. Hili nimelilipia kwa ngozi yangu. Miaka kadhaa iliyopita, mahali ambapo sitapataja, nililetewa kipande kinene cha jodari kilichochomwa vizuri. Ulimi ukawasha kidogo kama pilipili, nikadhani ni viungo. Haikupita saa nzima uso ukawa mwekundu, ngozi inawasha mpaka kwenye masikio, kichwa kinagonga. Samaki wa jamii ya jodari akiachwa juani hutengeneza sumu ambayo haionekani wala hainuki, na moto hauiondoi. Hata uchome mpaka mkaa, iko palepale. Tangu siku hiyo ulimi ukiniwasha tu nasukuma sahani. Halafu, kama fungate imeshaleta habari njema, papa na nduwaro, yule mwenye mdomo kama mkuki, uachane nao kabisa, zebaki yao ni nyingi kwa mtoto aliye tumboni, na jodari naye iwe mara moja kwa wiki.

Najua mume wako atataka kupanda boti ya kuvulia, wanaume wote hutaka wakifika huko. Aende. Akinasa fulusi au jodari mtamla. Akinasa nduwaro, mwambie nahodha mapema, kabla hamjaondoka ufukweni, kwamba mtapiga picha na kumrudisha majini. Mkisubiri mpaka samaki awe ndani ya boti mtakuwa mnajadili maiti.

Umebaki na swali lako kubwa, la nani anakula minofu. Hapo sitakudanganya. Mvuvi wa Nungwi anafurahi hoteli ikimpa bei nzuri, na ni haki yake, mafuta ya mashine yanamgharimu. Lakini bei hiyo hiyo ndiyo inayomfanya jirani yake arudi kutoka diko na fungu la dagaa. Nawe kwa siku tano hutalimaliza hilo. Ninachoweza kukuambia ni nilichokifanya mimi nilipokwenda na binti zangu. Tulinunua sehewa mmoja mzima kwenye mnada, tukamtafuta mama wa kijijini kupitia kwa mlinzi wa tulikolala, tukamlipa atupikie kwake. Alimkata vipande, akavipaka chumvi, ndimu, kitunguu saumu na pilipili, akavichoma nusu juu ya mkaa, kisha akavimalizia kwenye tui zito lenye ukwaju. Samaki wa kupaka, na wali, na kachumbari. Tulikula jamvini pamoja na watoto wake wanne, na bado kilibaki cha usiku. Ukifanya hivyo, usimwelekeze sana. Mwambie tu asimkaushe samaki, maana sehewa na jodari wakizidi moto huwa kama kamba.

Kichwa yeye alikipika peke yake, mchuzi mwembamba wa ndimu na pilipili mbichi, akakiweka mbele ya mama mkwe wake. Nilipotania kwamba mbona sisi hatukupewa, alicheka, akasema kichwa kina mwenyewe. Kwa hiyo ukiona umeletewa minofu peke yake usihuzunike, huenda jikoni kuna bibi anakula kilicho bora kuliko chako. Na ikitokea umepakuliwa kichwa, nawa mikono ukichambue mbele ya mume wako. Wewe wa Kirumba huhitaji kufundishwa.